Kuvuka Mpaka wa Namanga: Yanayomkuta Msafiri Anapoingia na Anapotoka Nchi Jirani

Na Mwandishi Wetu

Basi linalotoka Arusha kwenda Nairobi hufika Namanga baada ya mwendo wa takribani kilomita 110. Abiria hushuka na hati zao mikononi, huingia katika jengo moja na kutoka upande wa pili wakiwa tayari wamepokelewa nchini Kenya. Kwa wengi ni shughuli fupi. Hata hivyo, mambo yanayofanyika katika ukumbi huo ndiyo yanayoamua iwapo msafiri atakaa ugenini kwa amani na iwapo atarudi nyumbani bila kikwazo.

Ugumu wa safari ya nchi jirani umo katika wepesi wake. Lugha ni ileile, vyakula vinafanana, na jamii ya Wamasai wa Longido ina ndugu zake Kajiado. Kwa sababu hiyo wapo wananchi wanaovuka bila kujiona kuwa wamekwenda nchi ya kigeni. Hukumbuka wanapoulizwa hati na askari wakiwa mbali na mpaka, au siku ya kurudi, pale ofisa anapopekua kurasa za pasipoti na kukosa muhuri anaoutafuta. Makala haya yanaeleza hatua kwa hatua yanayomkuta msafiri katika mpaka huo, haki alizonazo na wajibu unaomhusu.

Kutoka vituo viwili hadi kituo kimoja

Kwa miaka mingi msafiri wa Namanga alipanga foleni mara mbili. Alianza upande wa Tanzania kugongewa muhuri wa kutoka, akabeba mizigo yake kwa miguu kupita eneo la katikati lililojaa wapagazi na wabadilisha fedha wa mitaani, kisha akapanga foleni nyingine upande wa Kenya. Waliopoteza fedha au mizigo mara nyingi waliipoteza katika eneo hilo la katikati.

Utaratibu huo ulibadilika kwa kuanzishwa kwa Kituo cha Pamoja cha Huduma Mpakani, kilichozinduliwa rasmi tarehe 1 Desemba, 2018 na Rais wa Awamu ya Tano wa Tanzania, Hayati Dkt. John Pombe Magufuli, pamoja na Rais wa Kenya wa wakati huo, Mheshimiwa Uhuru Kenyatta. Vituo vya aina hiyo vipo pia Rusumo kwa upande wa Rwanda, Mutukula kwa upande wa Uganda, na Holili kwa upande wa Taveta nchini Kenya. Nje ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kipo cha Tunduma na Nakonde, kati ya Tanzania na Zambia. Kituo cha kwanza cha namna hii barani Afrika kilifunguliwa Chirundu, mpakani mwa Zambia na Zimbabwe, mwezi Desemba, 2009.

Katika utaratibu huu, anayetoka Tanzania hasimami upande wa Tanzania. Gari huendelea hadi jengo lililo upande wa Kenya, na humo maofisa wa nchi zote mbili hukaa katika ukumbi mmoja. Anayerudi hufanya hivyo hivyo kwa kinyume: hupita upande wa Kenya moja kwa moja na kuhudumiwa na maofisa wa nchi zote mbili katika jengo lililo upande wa Tanzania. Kwa hiyo msafiri asishangae kumkuta ofisa wa Tanzania akiwa kazini ndani ya ardhi ya Kenya. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya Vituo vya Pamoja vya Huduma Mpakani ya mwaka 2016 inamruhusu kutekeleza sheria za nchi yake akiwa ndani ya eneo maalumu la kituo.

Mihuri miwili, na namna unavyoweza kukosekana

Jambo la kwanza kuzingatiwa ni mpangilio. Msafiri huanza kwa ofisa wa nchi anayotoka, kisha huhamia kwa ofisa wa nchi anayoingia. Hizo ni hatua mbili hata kama madirisha yamekaribiana na zinakamilika ndani ya dakika chache.

Hapa ndipo kosa la kawaida hutokea. Abiria aliyechoka huhudumiwa katika dirisha la kwanza, akadhani amemaliza, na kurudi kwenye basi. Mwingine hubaki amelala kitini usiku, na utingo akidhani abiria wote wamekwishahudumiwa, safari huendelea. Matokeo yake ni kwamba kumbukumbu zinaonyesha mtu huyo ametoka Tanzania lakini hakuna nchi iliyompokea, au yuko Kenya wakati kumbukumbu za nyumbani zinaonyesha hajaondoka. Akikaguliwa njiani, ni yeye anayepaswa kueleza, si dereva wala kampuni ya basi.

Jambo la pili ni idadi ya siku. Kanuni za Jumuiya kuhusu uhuru wa watu kwenda nchi mwanachama, zilizoambatanishwa na Itifaki ya Soko la Pamoja iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai, 2010, zinampa raia wa nchi mwanachama kibali cha kuingia kama mgeni bila malipo kwa kipindi kisichozidi miezi sita. Maneno "kisichozidi" ni ya msingi. Ofisa humuuliza msafiri anakwenda wapi, kwa shughuli gani na kwa muda gani, na siku anazoandika zinaweza kuwa chache kuliko miezi sita. Anayejibu kwa haraka kwamba anakwenda kwa wiki moja, huku akikusudia kukaa miezi mitatu, asitarajie kupewa siku za miezi mitatu.

Kwa hiyo, kabla ya kuondoka dirishani, msafiri asome muhuri wake: tarehe, jina la kituo na siku alizopewa. Kurekebisha kosa akiwa bado amesimama mbele ya ofisa ni jambo la dakika moja. Kulirekebisha miezi miwili baadaye katika ofisi ya uhamiaji ya nchi ya kigeni ni jambo zito, na huenda likaambatana na adhabu.

Hati inayokubalika

Msafiri wa Tanzania anapaswa kuwa na pasipoti iliyo hai. Pasipoti ya kielektroniki ya Afrika Mashariki ilizinduliwa nchini tarehe 31 Januari, 2018. Raia mwenye safari ya haraka na asiye na pasipoti anaweza kuomba hati ya dharura ya safari kutoka Idara ya Uhamiaji. Mtoto naye anahitaji hati yake mwenyewe, na anaposafiri na mzazi mmoja au ndugu, barua ya ridhaa ya mzazi asiyekuwepo husaidia kujibu maswali yanayoulizwa kwa ajili ya usalama wake.

Baadhi ya wasafiri husikia kwamba watu huvuka kwa kitambulisho cha taifa pekee. Utaratibu huo ulianza mwezi Januari, 2014 kati ya Kenya, Uganda na Rwanda. Mtanzania asiutegemee katika safari yake.

Kadi mbili za njano

Mpakani hutajwa "kadi ya njano" katika mambo mawili yasiyohusiana. Ya kwanza ni cheti cha kimataifa cha chanjo, kinachothibitisha kwamba mwenye nacho amechanjwa dhidi ya homa ya manjano. Cheti hicho huanza kutambulika siku 10 baada ya chanjo, na kuanzia tarehe 11 Julai, 2016 kinatambuliwa kimataifa kwa maisha yote ya aliyechanjwa, hata kama kiliandikwa muda wa miaka 10. Msafiri anaweza kukisahau nyumbani kwa kuwa hakuulizwa alipokuwa anatoka, akaja kuulizwa anaporudi, kwa sababu Kenya imo katika orodha ya nchi zenye hatari ya ugonjwa huo. Chanjo inayotafutwa asubuhi ya safari haikidhi sharti la siku 10.

Ya pili ni Kadi ya Njano ya bima ya magari, inayomhusu anayevuka na gari. Kadi hiyo huwezesha bima ya dhima kwa watu wengine kutambulika katika nchi zinazoshiriki mpango huo, zikiwemo Tanzania na Kenya. Mwenye gari anahitaji pia kibali cha forodha cha kuliingiza gari kwa muda, na kibali hicho kina tarehe ya mwisho. Gari linalobaki ugenini baada ya tarehe hiyo huingia katika mgogoro wa kodi hata kama mwenye gari ana kibali halali cha kukaa.

Mizigo na fedha taslimu

Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, msafiri aliyekuwa nje ya nchi kwa zaidi ya saa 24 husamehewa ushuru wa bidhaa binafsi zenye thamani isiyozidi kiwango kilichowekwa. Mfanyabiashara mdogo ana utaratibu wake: bidhaa zinazozalishwa ndani ya Jumuiya, zenye thamani isiyozidi Dola za Marekani 2,000, huvushwa kwa cheti rahisi cha uasili kinachotolewa mpakani. Utaratibu huu umewekwa kwa ajili ya mama anayevusha nguo au vyakula kwa mtaji mdogo, asilazimike kutumia njia za panya. Anayepita njia hizo kwa kukwepa foleni huhatarisha mtaji wote, kwani mzigo usio na karatasi unaweza kutaifishwa.

Mwenye fedha taslimu zinazofikia Dola za Marekani 10,000 au zaidi, au thamani hiyo kwa fedha nyingine, anapaswa kutoa tamko. Kubeba fedha hizo si kosa. Kuzificha ndiko kunakomwingiza msafiri hatiani.

Ipo pia mifuko ya plastiki. Kenya iliipiga marufuku tarehe 28 Agosti, 2017 na Tanzania tarehe 1 Juni, 2019, huku Rwanda ikiwa imetangulia mwaka 2008. Ni vyema kufungasha katika mifuko mbadala tangu nyumbani.

Haki za msafiri anapopata shida

Ibara ya 17 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania inampa kila raia haki ya kutoka nje ya nchi na kuingia. Kuingia nchi nyingine, kwa upande wake, hutegemea idhini ya nchi hiyo. Msafiri aliyekataliwa asibishane kwa hasira wala kutoa fedha zisizo na stakabadhi. Aulize sababu kwa utulivu, na akirejeshwa, ahakikishe kwamba muhuri wake wa kutoka umefutwa ili kumbukumbu zionyeshe ukweli.

Mtanzania aliyekamatwa au kuwekwa kizuizini ugenini ana haki, chini ya Mkataba wa Vienna wa Mahusiano ya Kikonseli wa mwaka 1963, ya kuomba ofisi ya ubalozi wa nchi yake ijulishwe. Nchini Kenya, Tanzania ina Ubalozi jijini Nairobi na Ubalozi Mdogo mjini Mombasa. Aliyepoteza pasipoti huanza kwa kutoa taarifa polisi, kisha hupeleka taarifa hiyo ya maandishi ubalozini. Nakala ya ukurasa wenye picha, iliyohifadhiwa mbali na pasipoti yenyewe, hurahisisha kazi hiyo.

Wananchi wanaoahidiwa ajira wanapaswa kuwa waangalifu zaidi. Kibali cha mgeni hakiruhusu kufanya kazi. Ajira ina kibali chake. Mtu anayemchukulia msafiri pasipoti "kwa usalama", anayemfundisha majibu ya uongo ya kumpa ofisa, au anayemvusha kwa siri ili akapande ndege katika nchi jirani kwenda kufanya kazi mbali, anaonyesha dalili za usafirishaji haramu wa binadamu. Kosa hilo linaadhibiwa kwa sheria ya Tanzania ya mwaka 2008. Dirisha la uhamiaji ni mahali pa kusema ukweli, kwani huenda ikawa nafasi ya mwisho ya kusaidiwa ukiwa bado katika ardhi unayoifahamu.

Siku ya kurudi

Mtu anaporudi nyumbani, uangalifu hupungua. Hata hivyo, siku ya kutoka ndipo ofisa wa nchi ya ugenini huhesabu siku. Aliyezidisha muda hulazimika kujieleza na anaweza kutozwa faini au kuzuiwa kurejea. Anayehitaji kuongeza muda aombe kabla kibali hakijaisha. Anayeona ni heri apite njia ya pembeni ili asikutane na ofisa huongeza kosa la pili juu ya la kwanza, na hukosa muhuri wa kurudi nyumbani, hivyo safari yake inayofuata huanza na maswali.

Wananchi wanakumbushwa kuhakiki mambo manne kabla ya kupanda basi, iwe wanakwenda au wanarudi: pasipoti iliyo hai, cheti cha chanjo, muhuri wa kutoka na muhuri wa kuingia wenye siku zinazosomeka. Kwa kuwa masharti hubadilika, ni vyema kuulizia katika ofisi ya Uhamiaji iliyo karibu au ubalozi wa nchi husika kabla ya safari, na kutotegemea maneno ya vijana wanaozunguka mpakani wakitoa msaada usioombwa. Huduma za muhuri hutolewa na maofisa walio dirishani, na kila malipo halali yana stakabadhi.