Lugha ya Wakusu na Kingwana

Hapa Tunda, katika teritware ya Kibombo, tunasikia kila siku jambo moja: mzee anauliza kwa Kikusu, mjukuu anajibu kwa Kingwana. Wanasikilizana, wala hapana anayeshangaa.

Kikusu ni ndugu wa Kitetela. Watetela wanasema onto kwa mtu, anto kwa watu. Basi hata Kiswahili ni cha ukoo huo. Zamani Wakusu na Watetela hawakuhesabiwa makabila mawili. Walitengwa na biashara ya Waarabu, kiisha na mipaka ya serikali: huku Maniema, kule Sankuru.

Wafanya biashara wa pwani walifika Nyangwe karibu na mwaka 1860. Livingstone aliwakuta pale mwaka 1871. Jina la Kingwana linatoka kwa waungwana, ndiyo watu huru. Tunafikiri hapo aibu ilianza: kusema lugha ya watu huru kulikuwa kujitenga na watumwa. Mwaka 1893 Kasongo ilianguka, nguvu ya Waarabu ikaisha, lakini lugha ilibaki. Wabelgi waliitumia kwa askari na kwa wafanyakazi, na toka mwaka 1911 treni ya Kindu mpaka Kongolo iliipeleka mbali zaidi.

Jambo hili si la Afrika tu. Katika Ujerumani, Wafrisia wa Saterland walilinda lugha yao karne nyingi kwa sababu vinamasi viliwazunguka. Leo wanaoisema ni karibu 2,000. Sisi hatukuwa na vinamasi vya kutulinda. Tulikuwa na mto na treni.

Kiombo, jirani wa Kikusu, kilipata bahati: mwaka 1952 Meeussen alitoa kitabu juu ya sarufi yake. Lakini ni kwa Kifaransa!

Na sisi? Tunahubiri kwa Kiswahili, na ni haki, maana tunafikia watu wa makabila mengi pamoja. Lakini tulimwona mama mzee, mgonjwa sana, akitaka kuungama. Padri kijana, mtoto wa Wakusu aliyezaliwa mjini, hakufahamu maneno yake. Mama alitafuta Kingwana, akakikosa, akanyamaza.

Tangu siku ile tunakwenda kwa mzee mmoja na daftari. Tunaandika majina ya samaki, ya mitego, ya shemeji na wakwe. Juzi alitusahihisha neno moja mara tatu, akacheka, akasema turudi kesho.