Kariokor: Debe, Koroboi na Pampu ya Mafuta ya Taa

Jina la Kariokor limetokana na watu waliobeba mizigo. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka mwaka 1914, Waingereza waliingia kupigana na Wajerumani upande wa Tanganyika. Magari yalikuwa machache, barabara hazikuwepo, na mbung'o waliwamaliza punda na maksai. Wakachukuliwa watu. Kikosi hicho cha wapagazi, Carrier Corps, kiliongozwa na Oscar Watkins, na kambi yake ya Nairobi ndiyo iliyouachia mtaa jina, sawa na Kariakoo ya Dar es Salaam. Makumi ya maelfu yao hawakurudi makwao, wengi zaidi wakiuawa na maradhi na njaa kuliko risasi. Kazi ambayo leo hufanywa na lori la dizeli waliifanya wao, ngata kichwani.

Mafuta yenyewe yalikuwa yamekwisha kufika. Shell ilianza biashara Mombasa mwaka 1900, bohari lake likiwa Shimanzi, na bidhaa yake ya kwanza ilikuwa mafuta ya taa yaliyoletwa kwa madebe. Debe lilikuwa la galoni nne, kama lita 18, na madebe mawili yalikaa katika sanduku moja la mbao. Mafuta yakiisha, debe lilianza maisha ya pili. Pumwani, mtaa jirani na Kariokor ulioanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, nyumba za udongo ziliezekwa kwa madebe yaliyopasuliwa na kunyooshwa. Sokoni likawa kipimo cha mahindi na maharagwe. Hata leo mkulima anayeuliza bei ya debe hafikirii mafuta kabisa.

Ndipo vikaja vituo vya petroli, na vile vya mashambani ndivyo vinavyokumbukwa kwa mapenzi zaidi. Pampu mbili tatu chini ya paa dogo, kibanda cha mhudumu, pipa la maji ya rejeta, na vumbi jekundu juu ya kila kitu. Namba za pampu zilikuwa magurudumu madogo yaliyozunguka taratibu, hata mtoto aliweza kuzifuata kwa macho. Mhudumu alipotaka kujua mafuta yaliyobaki, alifungua kifuniko cha tangi la chini ya ardhi, akatumbukiza fimbo ndefu yenye alama, akaitoa na kusoma pale ulowevu ulipoishia.

Pembeni ilisimama pampu ya mafuta ya taa, na hiyo ndiyo iliyokifanya kituo kuwa cha kijiji kizima. Asiye na gari, na hao ndio waliokuwa wengi, alikuja na chupa au kibuyu cha plastiki. Mwenye baiskeli alikuja kujaza upepo. Abiria wa basi la mbali walishuka kunyoosha miguu.

Kariokor na mitaa jirani iliishi kwa mabaki ya biashara hiyo. Mafundi wa jua kali wa Gikomba na Shauri Moyo walikata mikebe wakatengeneza koroboi: mkebe, mdomo mwembamba, utambi wa pamba. Katika soko la Kariokor, linalojulikana kwa vyondo na viatu vya ngozi, fundi wa ndara huchukua tairi kuukuu, akaikata soli kwa kisu kikali, kisha akaishonea au kuipigilia kamba za ngozi zenye shanga. Geuza ndara hiyo utaona kashata za tairi bado zimo.

Vituo vyenyewe vimebadilika majina mno. Vya Agip vilichukuliwa na Shell na BP, vya Caltex vikawa Total mwaka 2009, na vya Kenol na Kobil vikaingia mikononi mwa Rubis mwaka 2019. Tanzania wamekwepa usumbufu huo: huko kila kituo ni sheli, bango liwe la nani.

Kubadilika kwa rangi za mabango si hasara kubwa. Hasara iko kwenye ile pampu ya pembeni. Septemba 2018 serikali ya Kenya iliongeza tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, ili kuwazuia wafanyabiashara waliokuwa wakiyachanganya na dizeli. Bei ikapanda na matumizi yakaporomoka. Kosa lilikuwa la wachanganyaji, lakini aliyelilipia ni mama wa chumba kimoja aliyepikia stovu. Waliomudu walihamia gesi, na wasiomudu wakarudi kwenye makaa.

Bei ya mafuta ya taa bado hutangazwa tarehe 14 ya kila mwezi, pamoja na ya petroli na ya dizeli.