Filimbi Tuliichukua, Baraza Tukaliacha

Swali la kwanza nililofundishwa nikiwa lindo lilikuwa la maneno mawili tu: "Nani wewe?" Unalitupa gizani, unamulika tochi, unangoja. Mwenye jibu anapita. Asiye na jibu, au anayechelewa kujibu, huyo ndiye anayepigiwa filimbi. Ndugu msomaji, leo nataka kukusimulia historia ya swali hilo katika mji wetu wa Mwanza, lilikotoka na jinsi lilivyotuharibikia mikononi. Nasema mikononi mwetu kwa sababu na mimi nimo.

Itabidi tuanze mbali kidogo na mji, huko kwenye ng'ombe.

Katikati ya miaka ya 1970 Usukumani hakukukalika. Ng'ombe waliibwa, na watu walioshukiwa uchawi waliuawa, wengi wao wakiwa vikongwe wanawake ambao kosa lao lilikuwa macho mekundu, macho yaliyoiva kwa moshi wa jikoni miaka nenda rudi. Mwaka 1976 serikali ikaendesha operesheni katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga. Watu wakakamatwa kwa wingi, wakateswa, na wengine wakafia mikononi mwa vyombo vya dola. Habari zilipojulikana, Januari 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Mzee Ali Hassan Mwinyi, akajiuzulu. Yeye mwenyewe hakuwa amempiga mtu hata kofi, lakini waliopiga walikuwa chini yake. Baadhi ya maofisa walifikishwa mahakamani. Miaka minane baadaye, 1985, mzee huyohuyo akawa Rais wa nchi. Naomba uishike habari hii ya kujiuzulu, tutaihitaji mbele.

Baada ya hapo ikaja vita ya Kagera, 1978 hadi 1979. Vita ikaisha, bunduki zikabaki. Uchumi nao ukaanguka: maduka matupu, foleni ya sabuni, foleni ya sukari. Wezi wa ng'ombe sasa walikuja na silaha za moto, na polisi walikuwa mbali, wachache, na wengine, watu walivyoamini, walikula sahani moja na wezi. Ndipo kati ya mwaka 1981 na 1982, katika vijiji vya upande wa Kahama na Nzega, Wasukuma na Wanyamwezi wakajiundia jeshi lao la jadi. Likaitwa Sungusungu, jina la wale wadudu weusi wadogo wanaong'ata. Sungusungu mmoja unamkanyaga na kupita. Wakija wengi, unahama wewe. Wenyewe kwa Kisukuma walijiita Basalama, yaani watu wa amani.

Babu yangu alikuwa mmoja wao. Alikuwa na upinde, mishale, na filimbi aliyoivaa shingoni kwa uzi wa katani. Nilipokuwa mdogo nilipenda kumuuliza habari za mishale, mzee ananijibu kwa mkato tu. Lakini ukimuuliza habari za baraza, atakaa mpaka chai ipoe. Ukipigwa mwano, aliniambia, yaani ukipigwa ule ukelele wa hatari, kila mwanamume hutoka, na asiyetoka hutozwa faini. Mwizi akikamatwa huletwa chini ya mti mbele ya watu wote. Ntemi wa Sungusungu anakaa, katibu anakaa, na swali la kwanza ni lilelile: nani wewe? Mtoto wa nani? Wa kijiji gani? Nani anakufahamu? Na adhabu waliyoiogopa kuliko zote, alisema Babu, haikuwa fimbo. Ilikuwa kutengwa. Hakuna wa kukupa moto, hakuna wa kukuchotea maji, hakuna wa kukuzikia maiti. Kijijini huko ni kufa ukiwa unatembea.

Sitaki kuwadanganya wasomaji wenzangu kwamba Basalama walikuwa malaika. Waliwapiga watu, wengine wakafa, na vikongwe wenye macho mekundu hawakuponea kwao. Walimjua bibi yule kwa jina, walimjua kwa ukoo, na bado wakamwinda. Niliwahi kumbana Babu juu ya hilo. Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Pale baraza lilikuwa na woga." Hakuongeza neno, na mimi nikaona aibu kuendelea.

Polisi na mahakama hawakuwapenda Sungusungu mwanzoni, na baadhi ya viongozi wao walikamatwa. Lakini Mwalimu Nyerere na Chama wakasimama upande wa wanavijiji, na mwaka 1989 Bunge likarekebisha sheria za mgambo, Sungusungu wakatambuliwa rasmi na kupewa uwezo wa kukamata watu. Mwaka uliofuata Augustine Mrema akawa Waziri wa Mambo ya Ndani. Wazee wetu mnamkumbuka, mtu wa kutoa amri leo na kutaka matokeo kesho. Mrema akahimiza Sungusungu wahamie mijini. Kila nyumba itoe mtu, kila mtaa ulinde usiku. Hivyo ndivyo jeshi la ng'ombe lilivyoingia katika miji isiyo na ng'ombe.

Na Mwanza ya miaka ile haikuwa tena mji wa watu wanaofahamiana. Sangara walikuwa wamejaa ziwani, viwanda vya minofu vikaota pwani ya ziwa, ndege zikawa zinabeba minofu kwenda Ulaya na sisi tukabakiziwa mapanki. Vijana wakamiminika kutoka Ukerewe, Magu, Sengerema, Bukoba, Musoma. Dhahabu ya Geita nayo ikawavuta wengine, wakipita kwetu kwenda na kurudi. Nyumba zikapanda milimani katikati ya mawe, hadi mahali ambapo gari halifiki na maiti hushushwa kwa mabega. Mwaka 2000 tukatangazwa kuwa jiji. Tulishangilia, bwana! Lakini jiji maana yake ni kwamba jirani yako wa ukuta mmoja humjui baba yake.

Kuna filamu moja ilipigwa hapa kwetu, Darwin's Nightmare, ya mwaka 2004. Ilizua zogo kubwa, mwaka 2006 Rais Kikwete aliilaani hadharani, na watu waliandamana kuipinga. Mimi sigombani na mtu juu ya filamu. Nakumbuka tu kwamba ndani yake yumo mlinzi wa usiku mwenye upinde na mishale ya sumu, analinda taasisi kwa ujira kama wa dola moja kwa usiku. Nilipomwona nilimkumbuka Babu. Upinde ni uleule, lakini Babu alilinda cha kwake na alikesha kwa zamu na jirani zake. Huyu amekodishwa, yuko peke yake.

Mtaani kwetu nako mambo yakaenda hivyohivyo. Mwaka 2006 Said Mwema alikuwa amepewa ukuu wa Jeshi la Polisi, na chini yake ikaletwa dhana ya Polisi Jamii. Sungusungu wa mjini wakapewa jina jipya, Ulinzi Shirikishi. Jina zuri, maana kushirikiana ni jambo jema. Lakini nani alishiriki? Mwenye duka alitoa hela akalala. Mwalimu alitoa hela akalala. Waliokesha ni sisi tusio na hela ya kutoa, vijana wa kijiweni, ambao mchana watu walewale walituita vibaka. Usiku ukiingia, tunapewa filimbi na rungu, tunaitwa walinzi.

Halafu usiku wa kuamkia tarehe 13 Oktoba 2012, Kamanda wa Polisi wa Mkoa wa Mwanza, Liberatus Barlow, akapigwa risasi na kuuawa pale Kitangiri. Mji mzima ulishika kichwa. Kama mkuu wa polisi wa mkoa anauawa barabarani, mimi wa bondeni nani atanilinda? Watu walifunga milango mapema. Zamu zikaongezwa. Mtaa wetu sitautaja, tosha kusema uko mlimani, kwenye mawe.

Katika zamu hizo, usiku mmoja kama saa kumi alfajiri, nilisikia hatua zinashuka kati ya mawe. Nikamulika. Kijana, makamo yangu, kifua wazi, gunia begani. Nikauliza, "Nani wewe?" Naye, jamani, akashtuka tu kama ambavyo ningeshtuka mimi, akaruka jiwe. Sikungoja. Nikapiga filimbi.

Wale mliowahi kuisikia filimbi ya usiku mnajua kinachofuata. Milango inafunguka yote kwa mpigo. Watu wanatoka na fimbo, na mchi, na kile kipande cha nondo kinachokaa nyuma ya mlango. Hakuna anayeuliza kaiba nini. Neno ni moja tu, "Mwizi!" Na hata wale waliolipa hela ili walale walikuwa wameamka, tena wao ndio waliopiga kwa nguvu zaidi. Mtu mmoja alikuwa tayari ameulizia mafuta ya taa.

Aliyemwokoa ni mama mmoja muuza uji. Alijipenyeza na taa yake, akamshika kidevu yule kijana, akamgeuza uso uliokwisha kuvimba, akamuuliza taratibu: "Mwanangu, wewe wa nani?" Kijana akataja jina lake, na jina la mama yake, na nyumba aliyopanga, hatua arobaini kutoka pale tuliposimama. Alikuwa mchukuzi wa dagaa wa Mwaloni, Kirumba. Kila alfajiri hushuka kuwahi mitumbwi ya visiwani. Gunia lilikuwa tupu, ndilo analoweka begani ili mzigo usimchubue. Miezi minne alikuwa jirani yetu, na hakuna aliyejua jina lake.

Watu wakaanza kurudi ndani mmoja mmoja, wakipiga miayo. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umevunjika.

Hapa ndipo ninapokumbuka ile habari ya 1977. Waziri alijiuzulu kwa makosa ya watu wa chini yake. Sisi mtaa mzima hatukupata hata mtu mmoja wa kusema "ni mimi." Kumbe ndivyo ulivyo ulinzi wa kundi: sifa ni za wote, lawama hazina mwenyewe. Gazeti lingeandika kama linavyoandika siku zote, "wananchi wenye hasira kali." Angalia maneno hayo vizuri, wewe unayetaka kuwa mwandishi. Wananchi, bila majina. Na aliyeuawa mara nyingi ni "mtu mmoja ambaye jina lake halikuweza kufahamika mara moja." Muuaji hana jina, marehemu hana jina, na habari inaishia mistari minne.

Ibara ya 14 ya Katiba yetu inasema kila mtu ana haki ya kuishi na kupata kutoka kwa jamii hifadhi ya maisha yake. Haikusema kutoka kwa polisi peke yao. Imesema kutoka kwa jamii, yaani kwangu mimi mwenye filimbi. Ibara ya 13 inakataza mshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla kosa halijathibitishwa. Babu yangu hakusoma Katiba, lakini lile swali chini ya mti lilikuwa njiani kuelekea huko, mpaka siku baraza lilipoingiwa na woga.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Tulipoleta Sungusungu mjini, tulichukua filimbi tukaliacha baraza. Tulichukua kukimbiza, tukaacha kuuliza. Sisemi lindo lifutwe. Vibaka wapo, mimi mwenyewe nimeporwa, na mama wa uji anahitaji kufika jikoni kwake salama. Lakini lindo bila daftari la wapangaji, bila mkutano wa mtaa ambako mgeni anasimama na kutaja jina lake mchana kweupe, bila mtu mmoja anayejibu kwa kila filimbi iliyopigwa, hilo ni genge lenye baraka za wazee. Na asiyekesha asitake kupiga. Aliyenunua usingizi na alale.

Nimemwona yule kijana mara kadhaa tangu siku ile. Mara ya kwanza alikuwa Mwaloni, anabeba gunia kwa bega moja, mkono mwingine umening'inia. Nikajifanya nauliza bei ya dagaa. Yeye hakuniona usoni usiku ule, tochi yangu ilikuwa machoni pake, kwa hiyo alinisalimu kama mteja mwingine yeyote: "Karibu, kaka."

Jina lake sasa ninalijua. Sikuliandika hapa kwa sababu sijamwomba ruhusa. Na kabla ya ruhusa, kuna jambo jingine ambalo bado sijamwomba.