Lupita Alikuwa wa Steji Kabla Awe wa Oscar

Wasee, leo niko na maneno kidogo kuhusu Lupita Nyong'o, na si yale ya magauni na zulia jekundu.

Uliza mtu yeyote kwa mathree Lupita ni nani. Atakwambia Oscar, Machi 2014, kwa 12 Years a Slave. Halafu Black Panther. Akijua sinema sana atataja Us ya 2019, pale alipoigiza watu wawili, Adelaide na Red, hadi unasahau ni mtu mmoja. Sawa, yote ni kweli. Lakini ukianza hii story na Oscar umeianza katikati. Mimi naianza hapa tao, Nairobi, miaka ya 1990 ikielekea mwisho.

Lupita alizaliwa Mexico mwaka wa 1983, akalelewa hapa kwetu. Akiwa na miaka 14, kundi la Phoenix Players likampa nafasi ya Juliet katika Romeo and Juliet. Wale mmesoma huo mchezo mnajua Juliet mwenyewe hajafikisha miaka 14. Mara nyingi anaigizwa na mtu mzima anayejifanya mtoto. Nairobi ikamweka msichana wa rika lenyewe.

Sasa angalia kilichofuata. Kundi hilo hilo likamtumia katika On the Razzle na There Goes the Bride. Hizo ni komedi, za watu kukimbizana na kuchanganyana hadi hujui nani ni nani. Yaani leo unalia kaburini, kesho unachekesha. Na usidhani kuchekesha ni rahisi. Ukichelewa kusema neno lako kwa sekunde moja, ukumbi mzima unakunyamazia, na hakuna mtu wa kukata hiyo sehemu kwa kompyuta. Watu wakimsifu Lupita kwamba anaweza kuwa mtu yeyote, mimi nasema hiyo haikuanguka kutoka mbinguni. Alifunzwa na steji, mapema.

Sitawadanganya, Phoenix haikuwa kamili. Michezo yao mingi ilitoka Uingereza, na mimi ningetaka kuona msichana wa Nairobi wa miaka 14 akiigiza pia hadithi za Nairobi. Lakini mlango ulikuwepo, na ulikuwa wazi.

Akaenda kusomea uigizaji Yale, Marekani. Mwaka wa 2009, Eclipsed ya Danai Gurira ikaonyeshwa huko. Ndiyo, Danai yule yule mnayemjua kama Okoye. Hadithi ni ya wanawake waliotekwa na kamanda wa waasi katika vita vya Liberia. Lupita alikuwa mwigizaji wa akiba. Kazi hiyo ni ngumu, manze: unajifunza maneno yote, unajua kila hatua, halafu unakaa nyuma ya pazia ukingoja mwenzako augue. Mwenzake hakuugua. Hakupanda.

Miaka ikapita, Oscar ikaja. Na hapa ndipo heshima yangu kwake iliongezeka. Mwenyewe amesema kwamba baada ya ule ushindi, aliletewa majukumu mengine ya watumwa. Umeshinda tuzo kubwa zaidi duniani, halafu wanataka urudie maumivu yale yale, sinema baada ya sinema. Akakataa. Mwaka wa 2015 akarudi kwa ile Eclipsed, kwa yule binti asiye na jina ambaye hakuwahi kupata nafasi ya kumwigiza. Anaingia akiwa mtoto aliyejificha, na mbele yako anageuka kuwa askari mwenye bunduki. Machi 2016 mchezo ukafika Broadway, wa kwanza huko ambao mwandishi, mwelekezi na waigizaji wote ni wanawake weusi. Lupita akateuliwa kuwania tuzo ya Tony. Hakushinda, na hata haijalishi.

Kisha Agosti 2025. Ukumbi wa Delacorte, katikati ya New York, unafunguliwa tena baada ya ukarabati, na mchezo ni Twelfth Night. Mwelekezi ni Saheem Ali, kijana wa Nairobi. Lupita ni Viola, msichana aliyenusurika kwa meli iliyozama, anayejivika nguo za kiume ili aishi ugenini. Pacha wake, Sebastian, anaigizwa na ndugu yake wa damu, Junior Nyong'o. Na hao pacha, mahali fulani fulani, wanaongea Kiswahili. Kwa Shakespeare! Mbele ya Wamarekani! Halafu hapa nyumbani kuna watu wanakwambia Kiswahili ni cha setbook tu.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Lupita alicheza kwao kwanza, ndio akatunzwa ugenini. Sisi tulijiunga na makofi wakati Wamarekani walikuwa wameshaanza kupiga. Na Phoenix je? Walikuwa Professional Centre, Parliament Road. Gharama zikawalemea, wakapoteza ukumbi wao. Kuna watu wengi walipita nje ya hiyo nyumba kila siku na hawakuwahi kuingia.

Mimi nikiwa form three, kwa drama ya shule, nilikuwa nyanya mzee asubuhi na polisi mchana, siku moja. Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha ya ajabu. Mjomba akaniuliza, "Na hiyo utakula?" Nikakosa jibu. Mwaka uliofuata sikurudi drama.

Leo niko na rafiki anayezunguka shule na kundi la setbook. Wiki iliyopita aliigiza wahusika wanne kwa siku moja, akalala kwa basi. Hajui kama ni gwiji. Pia mimi sijui, kwa sababu tangu aanze sijawahi kwenda kumwona. Nimeandika maneno haya yote kumsifu msichana aliye New York, na huyu wangu yuko tao.

Jumamosi ana mchezo. Nimeshalipa tiketi, na nimemnunulia mjomba ya pili.