Usawazishaji wa faili na nakala rudufu

Usawazishaji wa faili katika wingu (mtaani: kusinki) ni kazi ya programu inayohakikisha kwamba folda fulani ina faili zilezile kwenye kompyuta, simu na seva zilizounganishwa kwa intaneti. Nakala rudufu (pia: bakapu) ni nakala ya data iliyowekwa kando, ili data irejeshwe pale ile ya awali inapopotea, kuharibika au kubadilishwa kimakosa.

Mambo haya mawili huchanganywa mara nyingi, kwa kuwa yote huacha nakala mahali pengine. Tofauti yake huonekana faili inapofutwa. Katika usawazishaji, kufuta ni badiliko kama badiliko lingine lolote, hivyo hupelekwa kwenye vifaa vyote. Katika nakala rudufu, faili iliyofutwa leo bado ipo kama ilivyokuwa jana au mwezi uliopita. Usawazishaji hutunza hali ya sasa. Nakala rudufu hutunza hali zilizopita.

Jinsi usawazishaji unavyofanya kazi

Huduma za aina hii zilienea kwa watumiaji wa kawaida baada ya Dropbox kufunguliwa kwa umma mwaka 2008. iCloud ya Apple ilifuata mwaka 2011 na Google Drive mwaka 2012. Programu ndogo hukaa kwenye kompyuta na kuangalia folda muda wote. Faili inapohifadhiwa upya, programu hupeleka mabadiliko kwenye seva, na seva huyapeleka kwenye vifaa vingine vya akaunti hiyo. Kama watu wawili wamebadilisha faili ileile wakiwa nje ya mtandao, huduma nyingi huweka matoleo yote mawili na kulipa mojawapo jina la ziada.

Faida yake ni kubwa. Simu ikiibiwa au kompyuta ikilowa maji, faili bado ziko kwenye seva na hufunguliwa kwenye kifaa kipya kwa nywila tu. Dhidi ya hasara ya namna hiyo, usawazishaji unatosha kabisa, na hapo ndipo watu wengi huridhika wakaishia hapo. Lakini kifaa kupotea ni sababu moja tu ya kupoteza data. Sababu nyingine ni makosa ya mtumiaji, programu hasidi zinazofunga faili na kudai fidia, hitilafu za huduma yenyewe, na akaunti kufungwa au kuvamiwa. Katika hizo zote usawazishaji unaweza kueneza madhara badala ya kuyazuia.

Mfano wa orodha ya korosho

Katika kata ya Madimba, mkoani Mtwara, kama ilivyo katika maeneo mengi ya kusini mwa Tanzania, korosho huuzwa kupitia vyama vya msingi vya ushirika (AMCOS) kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza kutumika kwa korosho mkoani Mtwara katika msimu wa 2007/2008. Mkulima hupeleka korosho kwenye ghala la chama, hupimiwa, hupewa risiti, na baada ya mnada hulipwa kupitia akaunti yake. Kati ya mzani na benki kuna orodha yenye jina, kilo, daraja na namba ya akaunti. Mstari mmoja wa orodha hiyo ni mapato ya msimu mzima wa kaya moja.

Chukulia chama ambacho kompyuta ya karani na simu ya katibu zinatumia folda moja ya wingu. Karani anataka kupanga majina kwa herufi, lakini anachagua safu ya majina peke yake. Majina yanahama, kilo na akaunti zinabaki zilipokuwa. (Programu za majedwali kwa kawaida huuliza swali kabla ya kufanya hivyo, lakini maswali ya namna hiyo hubofywa haraka yakapita.) Anahifadhi faili, na baada ya dakika chache simu ya katibu ina kosa lilelile. Idadi ya wakulima haikubadilika na jumla ya kilo ni ileile, kwa hiyo kosa halionekani hadi jina la mkulima wa kilo 900 linapokutwa kwenye mstari wa mwenzake wa kilo 90.

Folda iliyosawazishwa haikushindwa kazi hapo. Ilifanya kile ilichotengenezwa kufanya. Kama chama kingekuwa na nakala ya jana usiku kwenye diski ya nje iliyofungiwa kabatini, karani angeifungua, akaongeza risiti za leo na kuendelea. Kosa likigunduliwa baada ya wiki tatu, nakala moja inayoandikwa juu ya ile ya zamani haisaidii, maana nayo tayari ina kosa. Zinahitajika nakala za tarehe tofauti. Vishina vya risiti za karatasi navyo ni nakala rudufu ya aina yake. Kujenga orodha upya kwa vishina huchukua siku nyingi, lakini hakuna programu inayoweza kuvipanga vibaya.

Orodha kama hiyo ni taarifa binafsi kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika nchini Tanzania tarehe 1 Mei 2023. Kwa sababu hiyo diski yenye nakala inapaswa kulindwa kwa nywila na usimbaji fiche, sawasawa na kompyuta yenyewe.

Tupio na historia ya matoleo

Huduma za wingu hupunguza hatari kwa njia mbili. Faili iliyofutwa hukaa kwanza kwenye tupio (kwa siku 30 katika Google Drive), na matoleo ya awali ya faili huhifadhiwa kwa muda. Katika mfano wa hapo juu, historia ya matoleo ingeweza kuokoa orodha kama kosa lingegunduliwa mapema.

Ila muda huo una mwisho, na yeyote mwenye nywila ya akaunti anaweza kumwaga tupio kabla ya siku hizo kwisha. Malalamiko ya malipo ya korosho yanaweza kuja miezi kadhaa baada ya mnada, muda mrefu baada ya tupio kujisafisha lenyewe. Tupio na matoleo viko pia ndani ya akaunti ileile, hivyo akaunti ikipotea navyo hupotea.

Hitilafu za huduma zenyewe ni nadra, lakini hutokea. Mwezi Novemba 2023 baadhi ya watumiaji wa programu ya Google Drive ya kompyuta walikuta faili zao za miezi kadhaa hazionekani. Google ilikiri tatizo katika toleo la 84 la programu hiyo na baadaye ikatoa njia ya kuzirejesha.

Nakala rudufu

Kanuni inayotajwa zaidi ni ya 3-2-1, iliyoenezwa na mpigapicha Mmarekani Peter Krogh: kuwa na nakala tatu za data, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja kati ya hizo ikae mahali pengine. Folda ya wingu inaweza kuhesabiwa kama mojawapo ya nakala tatu, lakini si vema iwe ndiyo pekee iliyo nje ya ofisi. Diski ya nje inayobaki imechomekwa muda wote nayo ina udhaifu, kwani programu ya kudai fidia huifunga pamoja na kompyuta. Diski huchomekwa wakati wa kunakili tu, kisha huchomolewa.

Hitaji la mahali pengine lilionekana wazi nchini Korea Kusini. Tarehe 26 Septemba 2025 moto uliwaka katika kituo cha data cha serikali mjini Daejeon na kuteketeza G-Drive, hifadhi ya wingu ya watumishi wa umma. Takribani TB 858 za data ziliangamia. Wizara husika ilieleza kwamba mfumo huo haukuwa na nakala nje ya kituo kwa sababu ya ukubwa wake.

Nakala isiyojaribiwa nayo haiaminiki. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa kampuni ya GitLab alifuta kimakosa data kwenye seva kuu. Nakala za kila siku zilipotafutwa hazikuwepo. Programu ilikuwa ikishindwa kuzitengeneza, na barua pepe za onyo hazikuwa zikiwafikia wahusika. Kampuni iliokolewa na nakala ya saa sita nyuma iliyokuwa imetengenezwa kwa ajili ya jambo lingine. Njia ya kujaribu ni rahisi: kurejesha faili moja kwenye kompyuta nyingine na kuifungua.

Intaneti

Nakala inayokaa kwenye wingu peke yake hutegemea mtandao. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika katika eneo kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikadhoofika Tanzania na nchi jirani kwa siku kadhaa. Katika hali kama hiyo faili zilizosawazishwa kikamilifu hufunguka kama kawaida, kwa kuwa ziko kwenye kifaa. Zile zinazoonyesha jina tu, huku maudhui yakiwa kwenye seva ili kuokoa nafasi, hazifunguki.

Kasi nayo huamua. Kupakia GB 100 kwa megabiti 5 kwa sekunde huchukua zaidi ya saa 44 mfululizo, mbali na gharama ya bando. Ndiyo sababu nakala ya kwanza hufanywa kwenye diski, kisha mabadiliko ya kila siku pekee hupakiwa. Katika ukanda wa pwani hewa ya chumvi na unyevu huchosha vifaa, hivyo diski hutunzwa kwenye chombo kisichopitisha hewa na hubadilishwa kabla haijaonyesha dalili za kufa.

Kwenye simujanja

Hapa majina yenyewe hupotosha. Google Photos huita kazi yake kuhifadhi nakala rudufu, lakini picha iliyopakiwa ikifutwa kupitia programu hiyo, hufutwa pia kwenye wingu. Anayetaka tu kupunguza picha kwenye simu hutumia chaguo la kuongeza nafasi, linaloziacha zile za kwenye wingu. Picha za iCloud hufanya vivyo hivyo: picha iliyofutwa kwenye iPhone huondoka pia kwenye vifaa vingine vya akaunti hiyo, baada ya kukaa siku 30 miongoni mwa zilizofutwa karibuni.

WhatsApp hutengeneza nakala halisi ya mazungumzo, ila kwenye akaunti ya Google hukaa nakala moja tu. Mpya huandikwa juu ya ile iliyotangulia, kwa hiyo ujumbe uliofutwa kabla ya nakala ya usiku haupatikani tena asubuhi.