Silikanti: Samaki wa Wavuvi na Samaki wa Mchezo

Sisi tunaofundisha Kiswahili hapa Masaka, ukingoni mwa mashariki mwa jiji la Kigali, tumetengwa na Bahari ya Hindi kwa masafa ya zaidi ya kilomita 1,000. Msamiati wa bahari tunaufundisha kwa picha. Ngalawa, mshipi, dema na nanga huandikwa ubaoni na kuelezwa, lakini mwanafunzi hubaki akiwaza ziwa, kwa kuwa neno inyanja la Kinyarwanda, ndugu wa nyanja ya Kiswahili, humtosha kwa maji yote makubwa. Ndiyo maana nilistaajabu mwanafunzi wangu mmoja alipoandika katika insha yake habari za samaki wa kilindini, mwenye magamba magumu mithili ya mwamba, aliyekaa miaka milioni 100 bila kubadilika umbo. Jina alilompa ni Relicanth. Alimjua katika Pokémon, mchezo wa Kijapani ambao mchezaji hukusanya viumbe vya ajabu na kuvifuga. Akaniuliza swali la haki kabisa: kwa Kiswahili anaitwaje?

Jibu lipo, nalo lina historia ndefu kuliko mchezo.

Relicanth aliingizwa katika Pokémon mwaka 2002, katika matoleo yaitwayo Ruby na Sapphire. Humo hutumika pamoja na kiumbe mwingine mfano wa nyangumi kutegua fumbo lililomo katika chumba cha siri chini ya bahari, chumba ambacho kuta zake zimeandikwa kwa maandishi ya vipofu. (Nakiri kwamba hilo lilinipendeza, si michezo mingi inayomlazimisha mtoto kujifunza alfabeti mpya.) Maelezo ya mchezo yasema kwamba kiumbe huyu aligunduliwa katika safari za uchunguzi wa kilindi cha bahari, na kwamba hana meno. Yote mawili yanapingana na habari za samaki aliyekuwa kielelezo chake. Kosa la meno tuwaachie wataalamu wa wanyama: samaki halisi ana meno, naye hula samaki wenziwe na ngisi. Kosa la kwanza ndilo linalotuhusu sisi, maana ni kosa la historia.

Samaki huyo ni silikanti. Jina limetokana na maneno mawili ya Kiyunani yenye maana ya uwazi na mwiba, nalo lilitungwa na Louis Agassiz, mtaalamu wa Uswisi, katika miaka ya 1830, alipochunguza mabaki yaliyogeuka mawe. Mwiba wenye uwazi ndani: ndivyo alivyouona katika jiwe. Wataalamu waliamini kwamba ukoo huo wote ulitoweka zamani za kale, yapata miaka milioni 66 iliyopita. Kisha tarehe 22 Desemba 1938, meli ya uvuvi ya nahodha Hendrik Goosen ilileta katika bandari ya East London, Afrika Kusini, samaki mmoja wa rangi ya buluu, mwenye urefu wa mita moja na nusu na mapezi yaliyosimama juu ya vikonyo kama viungo vya mnyama wa nchi kavu. Bibi Marjorie Courtenay-Latimer, mtunzaji wa makumbusho ya mji huo, alimwona katika lundo la samaki akamnusuru. Profesa J. L. B. Smith akamtambua, akampa jina la kitaalamu Latimeria chalumnae, kwa heshima ya bibi huyo na ya mto Chalumna, ambao samaki alivuliwa karibu na mlango wake. Hata hivyo matumbo yalikuwa yameoza na kutupwa, ikabaki ngozi tu.

Smith alimtafuta samaki wa pili kwa miaka 14. Alichapisha karatasi zenye picha, akaahidi zawadi ya pauni 100, na karatasi hizo zikaenezwa katika pwani ya Afrika Mashariki na visiwani. Ziliandikwa kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Mwalimu wa Kiswahili hana budi kutua hapa kidogo. Tangazo lililowalenga wavuvi wa pwani hii halikuwa na neno moja la Kiswahili wala la Kikomoro, lugha za watu wanaolala baharini na mishipi mikononi.

Nahodha Eric Hunt, Mwingereza aliyefanya biashara kwa jahazi lake baina ya Zanzibar na Komoro, alizipeleka karatasi hizo visiwani. Usiku wa tarehe 20 Desemba 1952, mvuvi Ahamadi Abdallah wa Domoni, katika kisiwa cha Nzwani, alimvua samaki mkubwa kwa mshipi. Kwake hakuwa muujiza. Wakomoro walikuwa wakimfahamu, wakimwita gombessa, nao hawakumthamini, maana nyama yake ina mafuta mengi na haifai mezani. Kesho yake samaki alikuwa sokoni, karibu kupaliwa magamba na kukatwa vipande, ndipo mwalimu wa shule, Affane Mohamed, alipomfananisha na ile picha akazuia kisu. Samaki akabebwa kuvuka milima ya kisiwa hadi Mutsamudu, alikokuwako Hunt. Huko alitiwa chumvi, baadaye dawa ya kuhifadhia, na simu ya upepo ikapelekwa kwa Smith.

Yaliyofuata yameandikwa mara nyingi. Smith alimwomba ndege Waziri Mkuu wa Afrika Kusini, D. F. Malan, ndege ya kijeshi aina ya Dakota ikatolewa, ikatua Mayotte, naye profesa alipomwona samaki alilia machozi. Kwa shukrani akampa jina jipya, Malania anjouanae, akidhani ni wa aina nyingine kwa sababu alikosa pezi moja la mgongoni. Malan ndiye ambaye serikali yake, tangu 1948, ilisimamisha utaratibu wa ubaguzi wa rangi. Basi samaki aliyevuliwa na mikono myeusi, akaokolewa na jicho la mwalimu wa kisiwani, akabatizwa jina la mtu huyo. Sayansi yenyewe ililiondoa jina hilo baadaye, ilipobainika kwamba samaki alikuwa Latimeria yuleyule mwenye kasoro ya pezi. Mvuvi alipata zawadi yake. Jina lake halikuingia katika Kilatini.

Tazama sasa yale maneno ya mchezo: safari za uchunguzi wa kilindi. Wachunguzi walifika, lakini walifika nyuma. Mjerumani Hans Fricke alishuka na chombo chake cha kuzamia huko Komoro mwaka 1987, akawa wa kwanza kuwapiga picha silikanti wakiwa hai katika makao yao. Baadaye ilifahamika kwamba mchana hupumzika mapangoni na usiku hutoka kuwinda. Hiyo ni miaka 35 baada ya mshipi wa Ahamadi.

Katika nchi zinazosema Kiswahili silikanti alikuja kuandikwa baadaye zaidi. Mwaka 2001 alivuliwa mmoja nje ya Malindi. Mwaka 2003 alipatikana karibu na Songo Mnara, Kilwa, na tangu hapo makumi wamenaswa Tanzania, hasa Tanga, katika nyavu za jarife zinazotegwa kilindini kukamata papa. Mwaka 2009 serikali ya Tanzania ilianzisha Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga. Jarife halichagui, na hasara yake ni kubwa kuliko idadi inavyoonyesha: uchunguzi uliotangazwa mwaka 2021, uliosoma mistari ya magamba, ulikadiria kwamba samaki huyu huweza kuishi karibu miaka 100, hukomaa apatapo miaka 50 na zaidi, na hubeba mimba kwa takriban miaka mitano. Jike aliyenaswa huenda alikuwa bado hajazaa hata mara moja.

Mwanafunzi wangu aliniongezea habari moja ambayo sikuijua, nami nikaithibitisha. Katika Pokémon GO, mchezo wa simu unaomtaka mchezaji atembee nchini kutafuta viumbe, Relicanth alipoingizwa mwishoni mwa 2017 alipangiwa New Zealand na visiwa jirani. Huko hajapata kuvuliwa silikanti hai hata mmoja. Mtoto wa Domoni au wa Tanga, ambaye babu yake huenda alimkata mshipi gombessa kwa kumwona hana faida, kwa kawaida hawezi kumpata katika mchezo akiwa kwao.

Ubaoni niliandika silikanti, na chini yake gombessa, nikaeleza kwamba Kikomoro ni ndugu wa karibu wa Kiswahili. Ukazuka ubishi wa ngeli. Silikanti ni mnyama, kwa hiyo silikanti huyu, silikanti hawa. Hapo darasa zima lilikubali. Ama Relicanth, ambaye hana damu wala baba, wengine walisema huyu na wengine wakashikilia hii, na kengele ikalia kabla hatujaafikiana.