Tamthilia Iliisha, Wimbo Ukabaki

Kuna stori moja ambayo haikosekani nyimbo za tamthilia za Kijapani zinapotajwa: ati runinga ndiyo iliwatengeneza waimbaji. Msanii anapewa nafasi kwenye tamthilia, nchi nzima inasikia, CD zinaisha madukani, basi. Stori hiyo ina ukweli wake, na nitaueleza. Lakini nikifuata kazi za Yumi Matsutoya, Miyuki Nakajima na Hikaru Utada, naona deni likielekea upande wa pili. Skrini imerudi kwao mara nyingi kukopa.

Hebu tuanze na hali ilivyokuwa kabla yao. Hadi miaka ya 1960, wimbo wa kawaida nchini Japani ulipita mikono mingi. Mmoja aliandika maneno, mwingine akatunga muziki, kisha kampuni ya rekodi ikamchagua wa kuimba. Msichana aliimba alichopewa, na mara nyingi aliyemwandikia uchungu wake wa mapenzi alikuwa mzee wa makamo.

Yumi Arai hakuingia kwa mlango huo. Alizaliwa mwaka wa 1954 mjini Hachioji, pembezoni mwa Tokyo, katika familia ya wauza kimono. Akiwa na miaka 17 tayari alikuwa anawatungia wengine. Mwaka wa 1973 alitoa albamu yake ya kwanza, Hikōki-gumo, jina linalomaanisha ule mstari mweupe ambao ndege huacha angani. Wimbo wenyewe unahusu kifo cha kijana, na alikuwa amempoteza mtu aliyesoma naye shule ya msingi. Miaka miwili baadaye, "Ano Hi ni Kaeritai", yaani nataka kurudi siku ile, ulitumika kwenye tamthilia ya kituo cha TBS na kufika namba moja kwenye chati. Alipoolewa mwaka wa 1976 akachukua jina la Matsutoya. Mashabiki humwita Yuming tu.

Sasa, ule ukweli wa runinga. Tamthilia ya Kijapani huonyeshwa mara moja kwa wiki kwa takriban miezi mitatu, sehemu kumi au kumi na mbili hivi. Wimbo mkuu hupigwa kila wiki, mara nyingi pale machozi yanapokaribia. Kwa kampuni ya rekodi, hilo ni tangazo la bure lililofungwa kwa hisia. Kufikia miaka ya 1990 mtambo huu ulikuwa umeshika moto. Mwaka wa 1991 wimbo ambao Kazumasa Oda aliutungia Tokyo Love Story, tamthilia ya Jumatatu saa tatu usiku, uliuza zaidi ya nakala milioni mbili. Kila kampuni ikataka wake.

Hapo ndipo Miyuki Nakajima ananivutia. Yeye ni wa Hokkaido, kaskazini kwenye theluji, na alianza kurekodi mwaka wa 1975. Mwaka wa 1994 aliombwa wimbo wa Ie Naki Ko, tamthilia ya msichana mdogo asiye na kwao, anayetangatanga na mbwa wake. Mwandishi mwingine angefupisha stori: mtoto, umaskini, usijali mambo yatakuwa poa. Nakajima aliandika kwa macho ya mbwa. Mwenye kupenda kuliko wote kwenye stori ile ndiye asiyeweza kusema, na yeye akampa maneno. Ukiusikiliza wimbo huo bila kujua tamthilia, unabaki kuwa wimbo wa mtu yeyote anayempenda mwenzake na hana la kumsaidia. Uliuza zaidi ya nakala milioni moja. Si mchezo.

Miaka sita baadaye shirika la NHK lilimtaka atunge wimbo wa Project X. Hii haikuwa tamthilia bali kipindi cha kweli, kuhusu mafundi, wahandisi na vibarua waliojenga Japani baada ya vita bila majina yao kujulikana. Nakajima alitoa "Chijō no Hoshi", nyota za ardhini. Mauzo yake hayakulipuka, yalitambaa. Usiku wa kufunga mwaka wa 2002 aliuimba moja kwa moja kwenye tamasha kubwa la NHK, akiwa ndani ya handaki la bwawa la Kurobe, milimani, mahali ambapo watu wa aina hiyohiyo walikuwa wamechimba na kufa. Januari 2003 wimbo ukafika namba moja, baada ya wiki 130 tangu uingie kwenye chati. Niambie ni tangazo gani hufanya kazi kwa wiki 130.

Na hapa deni linageuka. Mwaka wa 1989 Hayao Miyazaki alipotengeneza filamu ya Kiki, yule mchawi mdogo anayepeleka mizigo kwa ufagio, alichukua nyimbo mbili za Yuming za miaka ya sabini. Mwaka wa 2013, katika Kaze Tachinu, filamu kuhusu mhandisi wa ndege za kivita, alichukua Hikōki-gumo. Wimbo ulikuwa na miaka 40. Msichana aliyemwandikia rafiki aliyekufa akawa ndiye anayefunga filamu ya mzee kuhusu ndoto nzuri zilizoishia kuua watu.

Uzi, au "Ito" kwa Kijapani, nao ulianza kimyakimya. Nakajima aliuandika kwa ajili ya harusi, akauweka kwenye albamu yake ya 1992. Mwaka wa 1998 ukatumika kwenye tamthilia, wengine wakauimba upya, na mwaka wa 2020 ukawa filamu nzima yenye jina hilohilo, iliyoongozwa na Takahisa Zeze.

Halafu kuna Utada. Mwaka wa 1999, akiwa na miaka 16, wimbo wake "First Love" ulibeba tamthilia ya TBS, Majo no Jōken. Albamu yenye jina hilo iliuza zaidi ya nakala milioni saba nchini Japani, na hakuna albamu iliyoipita huko hadi leo. Mwaka wa 2021 Utada alisema hajitambui kama mwanamke wala mwanamume, kwa hivyo kumweka miongoni mwa waimbaji wa kike ni kurudia jinsi soko lilivyomuuza wakati ule. Kiswahili kinanisaidia, manake "yeye" wetu haulizi. Mwaka wa 2022 Netflix ilitoa tamthilia ya sehemu tisa, First Love, iliyozaliwa kutokana na nyimbo zake mbili. Mhusika mkuu ni dereva wa teksi aliyepoteza kumbukumbu. Mwaka wa 1999 wimbo uliitumikia tamthilia. Miaka 23 baadaye tamthilia iliandikwa ili kuutumikia wimbo.

Kwa nini hizi zimedumu na nyingine nyingi za mtambo uleule zimezikwa na tamthilia zake? Mimi naona ni kwa sababu waandishi hawa hawakuandika matangazo ya stori za watu. Waliandika wanachokijua wao kuhusu kufiwa, kungoja na kupenda bila nguvu, kisha wakaikopesha runinga kwa miezi mitatu. Miezi mitatu ilipoisha, mali ilirudi kwa mwenyewe.

Ndiyo maana msimulizi anayesema "runinga iliwatengeneza" hunikera. Anachukua kazi ya msichana aliyekaa na piano yake na kuikabidhi kituo cha runinga. Kwa hivyo ukitazama tamthilia ya Kijapani wikendi hii, usiruke yale majina ya mwisho. Tafuta jina la aliyeandika maneno, jina la aliyetunga muziki, na jina la aliyeimba. Ukikuta ni jina moja mara tatu, katafute albamu yake nzima.